Jirani anajenga ghorofa kumi kando ya kisima chetu. Rufaa naipeleka wapi, na je, siku zimeshanipita?

MwalimuMstaafu, 9 Juni, usiku

Salaam aleikum wenzangu. Nauliza jambo la sheria, lakini niwieni radhi kwanza nieleze nyumba ilivyo, maana bila hivyo hamtanielewa.

Nakaa nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu, mji mmoja wa pwani ya Kenya, kaunti siitaji. Uani kuna kisima alichokichimbisha kabla mimi sijaanza shule. Kimetobolewa kwenye jiwe la matumbawe kwa mtaimbo na nyundo, na mpaka leo ukichungulia unaona makovu ya mtaimbo ukutani mwake. Maji yana munyu kidogo, chai ukiipikia haiendi, lakini kuoga, kufua na kuoshea vyombo twatumia hayo hayo. Mfereji wetu hutoa maji siku mbili kwa juma, na mara nyingine hutoa upepo tu. Ukikauka, nyumba saba huja kuteka kwetu. Sijamtoza mtu hata ndururu.

Sasa kiwanja cha kando. Palikuwa na nyumba ya chini, wenyewe wakauza. Jumatatu tarehe 1 Juni naamka nakuta mabati ya buluu yamezungushwa na tingatinga linanguruma hata uwanja sijamaliza kufagia. Ubao wa mradi upo, ila umetundikwa upande wa ndani, umetazama shimo. Nilipanda kiti cha jikoni nikausoma kwa juu: ghorofa 10, makao 36, namba ya kibali cha kaunti, namba ya leseni ya NEMA, ile mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Nikaenda afisi ya mipango. Mara ya kwanza mwenye faili yuko mkutanoni. Mara ya pili yuko msibani. Mara ya tatu, jana tarehe 8, nilibeba chupa yangu ya chai nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane, kijana mmoja akaona haya, akanitolea nakala. Kibali ni cha tarehe 12 Mei. Leseni ya NEMA ni ya tarehe 27 Aprili. Na ndani ya faili mna ile ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, nene kama msahafu, na mwisho wake mmebanwa fomu za maoni ya majirani.

Fomu ya nne ni ya bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Imejazwa kwamba hana pingamizi, mradi utaleta ajira kwa vijana, na chini pana sahihi ya mkato, mkia umezungushwa kama ya meneja wa benki. Bibi huyu hajui kuandika. Mimi ndiye ninayemshikia kidole kwenye wino kila karatasi inapotaka sahihi yake. Na pale panapoulizwa majirani wanapata wapi maji, fomu zote zasema mfereji. Kisima hakimo kabisa katika ripoti ile.

Mwanangu aniambia twende moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi tukaombe amri ya kusimamisha. Wakili niliyemuona alitaja pesa ya kuanzia, nikadhani ananitajia bei ya kiwanja. Shemeji aniambia sheria inatoa siku 14. Nilifundisha hesabu darasa la nne miaka 31, najua kuhesabu: kutoka 12 Mei hadi leo ni siku 28. Nimeshachelewa? Nianzie wapi?

Karani_wa_Viapo, 10 Juni

Shikamoo Mwalimu. Mimi nafanya kazi kwenye afisi ya mawakili, si wakili, kwa hiyo haya yasome kisha umpate wakili hata wa saa moja ayapitie. Hujachelewa, ila usilale.

Una karatasi mbili mkononi na kila moja ina mlango wake. Kibali cha kaunti kinapingwa chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 61. Mwombaji, au mtu mwingine mwenye maslahi kama wewe, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya kusikiza rufaa za mipango. Mwenyekiti wake ni wakili. Kamati nayo inatakiwa iamue ndani ya siku 14, na usiporidhika hapo ndipo unapoingia Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa rufaa.

Siku zinaanza lini? Hilo ndilo litakalobishaniwa. Uamuzi ni wa 12 Mei, lakini hakuna aliyekuarifu. Wao watasema ulijua tarehe 1 Juni mabati yaliposimama. Wewe utasema tarehe 8 ulipopata karatasi. Usiingie kwenye ubishi huo kama unaweza kuukwepa: peleka rufaa kabla ya tarehe 15, yaani hata kwa hesabu yao ya 1 Juni uwe ndani, na uambatanishe ombi la kuongezewa muda endapo watang'ang'ania 12 Mei.

Leseni ya NEMA ni mlango mwingine. Huko unakata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, kifungu cha 129 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999, siku 60. Kutoka 27 Aprili siku ya 60 ni 26 Juni. Hii tarehe iandike ukutani, kwa sababu Jopo limesema mara nyingi kwamba siku 60 za kifungu kile limewekewa na sheria yenyewe na haliwezi kuzivuta. Uamuzi wa Jopo nao una rufaa yake mahakamani, siku 30.

Mwanao anavyosema, kwenda moja kwa moja kortini, ndivyo wengi wanavyopotea. Msimamo wa korti zetu tangu kesi ya Karume ya 1992 ni kwamba sheria ikikuwekea njia ya kudai haki, uifuate hiyo kwanza. Tazameni kesi ya viwanda vya Kibos kule Kisumu. Wakazi walishinda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, leseni zikafutwa. Mahakama ya Rufaa ikasema korti ile haikuwa na mamlaka ya kuanza na mambo ambayo sheria imeyapeleka kwa Jopo na kamati, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo, ingawa iliongeza kwamba masuala ya katiba yangewekwa kando yangoje, badala ya kutupwa. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ikalegeza kidogo katika kesi nyingine: ukidai haki ya mazingira safi ya kifungu cha 42 cha Katiba, na njia ile nyingine haitoshi kukupa nafuu, korti inaweza kukusikiza. Lakini huo ni mlango wa kushindania kuingia, na wewe una mlango ambao bado uko wazi.

Jambo la mwisho, na ndilo watu wengi hawalijui. Zamani ukishaweka rufaa kwa Jopo, kazi inasimama yenyewe. Sheria ikabadilishwa. Siku hizi lazima uombe amri ya kubakisha mambo yalivyo, kwa ombi la dharura lenye hati ya kiapo. Ukiweka rufaa tupu ukarudi nyumbani, tingatinga litaendelea.

GhorofaYaTisa, 10 Juni

Mama, msikilize Karani. Mimi nilimsikiliza mtoto wangu.

Yetu ilikuwa jengo la biashara kwenye barabara ya makazi, mji mwingine, sitaji. Tukachanga watu 22, tukaweka ombi la kikatiba, magazeti yakaja, tukapigwa picha na mabango. Upande wa pili ukaweka pingamizi la awali, karatasi mbili tu: korti haina mamlaka, hawa hawakupitia kamati. Pingamizi likasikizwa baada ya miezi, uamuzi ukaahirishwa, jaji akahamishwa. Siku ombi letu linatupwa nilikuwa nimesimama nje ya korti namwangalia yule mwenye mradi akipiga simu. Jengo lilikuwa limefika ghorofa ya tisa. Ndiyo sababu ya jina langu hapa.

Na hata hatukupoteza kwa sababu jengo lile lilikuwa halali. Hakuna aliyewahi kuliangalia.

Mchoraji_Ramani, 10 Juni

Nachora majengo, kwa hiyo mtanisamehe, mimi nakula upande ule wa pili. Nitasema mambo mawili.

Kwanza, siyo kila mwenye mradi ni mwizi. Huyo mtu pengine amekopa benki, kila siku tingatinga likisimama riba inatembea, na hilo ndilo atakaloliambia Jopo: hasara yangu kwa siku ni kiasi hiki, ya huyu mama ni ipi? Ukija na "ghorofa ni refu, litanizibia upepo" atakushinda asubuhi na mapema. Ukija na kisima una kesi.

Pili, kisima. Kwenye faili lako tafuta karatasi ya mpango wa kiwanja, ile inayoonyesha kiwanja kwa juu kama kunguru anavyokiona akiruka. Angalia mshale wa kaskazini, kisha tafuta kisanduku chenye mgawanyo wa vyumba viwili au vitatu na duara kando yake. Kisanduku ni tangi la maji taka, duara ni shimo la kunywesha, yaani maji yanayotoka tangini yanywewe na ardhi. Mabomba makuu ya maji taka hayajafika mitaa mingi ya pwani, kwa hiyo maji ya makao 36 yatakwenda kwenye duara hilo. Kanuni inayotumika sana ni mita 30 kati ya shimo kama hilo na kisima. Na hiyo ni kwa udongo wa kawaida unaochuja. Matumbawe hayachuji, yana nyufa na mapango, maji yanapita kama kwenye mfereji.

Pima, uniambie.

MwalimuMstaafu, 11 Juni

Nimepima kwa kamba ya kuanikia nguo, kisha kamba nikaipima kwa rula ya mita niliyostaafu nayo (wasiniulize). Kutoka mdomo wa kisima hadi ukuta wa mpaka ni mita 11. Duara nimeliona, Mchoraji, ahsante. Liko kona ya kwetu. Kwa vipimo vya karatasi ni mita mbili na nusu kutoka ukutani. Kwa hiyo 13 na nusu.

Nikaingia chumbani nikakaa kidogo.

BahariNiYangu, 11 Juni

Mnapoteza wakati. Mwenye pesa hapingwi nchi hii. Mwambie akununulie kiwanja na wewe, uhamie bara ukapumzike.

MwalimuMstaafu, 11 Juni

Ameshatuma mtu kuuliza bei, mwanangu. Nilimwambia pale palipo kisima pana watu saba wa kuulizwa kabla yangu.

Karani, kaunti naweza kuwaandikia barua waniletee karatasi zilizobaki? Nasikia kuna sheria ya kupata habari.

Karani_wa_Viapo, 11 Juni

Ipo, ya 2016, na kifungu cha 35 cha Katiba kipo nyuma yake. Andika, lakini usiingojee. Sheria hiyo inampa afisa siku 21 za kukujibu. Rufaa yako ina siku 14. Unaona mtego? Nimeona watu wamekaa wakisubiri nakala kamili kwa utaratibu, nakala zikaja safi zimepigwa muhuri, na rufaa imeshakufa. Peleka ulicho nacho, useme zingine zitafuata.

Kuhusu fomu ya bibi: hiyo ndiyo nguvu yako kwa Jopo. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, mradi mkubwa kuliko ghorofa zote za mtaa wako, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walifanyiwa mikutano ya kujulishana kabla uchunguzi wenyewe haujafanywa. Wewe una zaidi ya hapo, una sahihi ya mtu asiyeandika. Mpeleke bibi kwa kamishna wa viapo atoe hati yake mwenyewe, na mle ndani lazima iandikwe kwamba amesomewa kwa lugha anayoielewa, akaridhika, ndipo akabonyeza dole gumba. Wakisahau mstari huo, wakili wa kule ataitupa hati nzima.

Kwa Jopo unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na halifungwi na sheria ya ushahidi kama korti. Lakini kwa lile ombi la dharura ningekushauri upate mtu.

Kariakoo_Mzawa, 12 Juni

Huku kwetu Tanzania njia ni nyingine, dada. Ukitaka kuishtaki serikali, hata halmashauri, unaanza na notisi ya siku 90. Ndani ya siku 90 mkandarasi mwenye haraka anakuwa ameshaezeka. Nimeona nikupe pole tu.

Karani_wa_Viapo, 12 Juni

Ndugu Kariakoo, ahsante, lakini asije Mwalimu akachanganya. Hiyo ya siku 90 si yake.

Mchoraji_Ramani, 12 Juni

Mwalimu, moja nilisahau. Chukua maji ya kisima upeleke maabara SASA, kabla hawajajenga. Leo, ukiweza. Mwakani maji yakiharibika watakwambia kisima chako kilikuwa kichafu tangu zamani za baba yako, na hutakuwa na karatasi ya kuwajibu. Chupa wakupe maabara wenyewe, usipeleke ya soda.

MwalimuMstaafu, 14 Julai

Nimerudi. Niwieni radhi, mwezi huu nimekuwa mkimbizi wa afisi.

Kaunti: nilipeleka rufaa tarehe 12 Juni, siku tatu kabla ya ile 15. Karani wa pale akasema kamati haina wanachama kwa sasa, muda wao umekwisha, hajui wapya wateuliwa lini, kwa hiyo hawezi kupokea. Nikamwambia sikuja kuonana na kamati, nimekuja kuonana na muhuri. Akazunguka nusu saa, akagonga muhuri. Nikaupiga picha hapo hapo mezani kwake kwa simu ya mjukuu. Mpaka leo kamati haijakaa. Wakili (nimempata, binti mmoja mdogo, amekubali kulipwa kidogo kidogo) asema muhuri ule utafaa: tukienda kortini wakisema hatukupitia kamati, tutawaonyesha tuliugonga mlango na ndani hamkuwa na mtu.

Jopo: rufaa iliingia tarehe 19 Juni pamoja na ombi la dharura. Bibi alikula kiapo chake kwa kamishna mmoja mjini. Akasomewa fomu yake, ile yenye ajira kwa vijana, kisha akaonyeshwa sahihi. Akaitazama sana. Akasema, "Huyu aliyeniandikia ana mkono mzuri, mwambieni aje anifundishe." Kamishna akacheka mpaka akavua miwani. Kisha bibi akabonyeza dole, na wino ulivyobaki akanipangusia kwenye leso yangu.

Kikao kilikuwa kwa video. Mjukuu aliegemeza simu kwenye mtungi wa maji. Wakili wao alisema yale yale aliyoyatabiri Mchoraji: riba, mafundi 40 watakosa kazi, na kwamba mambo ya kibali ni ya kaunti na Jopo halihusiki. Binti akajibu kwamba hapa hatupingi kibali, twapinga leseni, kisha akaonyesha ukurasa wa fomu, hati ya bibi, na karatasi ya maabara. (Nilipeleka maji tarehe 13. Chumvi imezidi, kama nilivyosema, lakini vijidudu vya choo hakuna.) Mwenyekiti akauliza swali moja tu: katika ripoti yote hii kisima kimetajwa ukurasa wa ngapi? Wakili wao akafunua, akafunua, akaomba muda wa kushauriana na mteja.

Tarehe 2 Julai tukapewa amri ya kubakisha mambo yalivyo hadi rufaa isikizwe. Tutasikizwa Septemba. Binti kaniambia nisishangilie. Tukishinda, huenda wakaambiwa tu warudi wakafanye tathmini upya, wahamishe tangi, waulize watu kweli, kisha wajenge. Nikamwambia wakilihamisha tangi na wakija kuuliza watu kweli, chai nitawapikia mimi, ya maji ya mfereji.

Kwa sasa tingatinga limeondoka. Shimo walilochimba limejaa maji ya mvua na mbu, hilo nalo tunaliandikia barua. Wameacha mlinzi mmoja, kijana wa bara, mpole, ana redio. Mabati yale hayana mfereji. Jana jioni alibisha mlango na ndoo mbili akaomba kuteka.

Karani, nimempa, na nitaendelea kumpa. Lakini nauliza: hilo naweza kulitia kwenye hati ya kiapo ya nyongeza, au nitakuwa namponza kijana kwa bwana wake?

Karani_wa_Viapo, 14 Julai

Litie, Mwalimu. Andika "mfanyakazi mmoja wa eneo la ujenzi", tarehe, saa na ndoo ngapi. Jina lake usilitaje.

MwalimuMstaafu, 14 Julai

Ndoo mbili, saa kumi na mbili na robo. Leo amerudi na tatu.